Kutu ya moto: mwongozo kamili wa kulinda tanuru, chungu na matofali kwa mafundi wa kuyeyusha, Lubumbashi

Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Chungu changu cha kwanza cha kuyeyushia nilikitengeneza kwa kipande cha bomba la chuma, unene milimita 5, nikakichomelea kitako, nikaanza kuyeyusha alumini ya nyungu (sufuria) zilizopasuka na pistoni za magari pale kwenye karakana yetu Katuba. Wiki ya tatu, nikiwa nimeshika koleo tayari kumimina, nikaona kitu cheupe kinachuruzika katikati ya makala (mkaa). Karibu kilo 6 za alumini zilishukia kwenye majivu. Namshukuru Mungu hakuna aliyeungua.

Kilipopoa nilikikata katikati kwa msumeno. Juu ukuta ulikuwa bado milimita 5. Chini, pale alumini ilipokuwa ikikaa, haukufika hata milimita 1. Upande wa nje kulikuwa na magamba meusi, yanabanduka kwa ukucha. Upande wa ndani kulikuwa na utando wa kijivu, mgumu, unaovunjika kama kioo. Kumbe chungu kimoja kilikuwa kinaliwa na walaji wawili kwa wakati mmoja, nami nilikuwa nikimlaumu mchomeleaji.

Mwongozo huu nimeuandikia yeyote mwenye tanuru la makala, la mafuta au la umeme. Ukiushika, chungu kitakaa miezi badala ya wiki, na kijana wako hatasimama karibu na chuma kinachotaka kutoboka.

Kabla ya kugusa chochote: ngozi

Kutu tunayoijua sote inataka maji. Kutu ya moto haitaki hata tone. Chuma kikipata joto kinachukua oksijeni moja kwa moja kutoka hewani na kujivika ngozi, ndiyo yale magamba meusi. Ngozi hiyo inakula chuma na papo hapo inakilinda, kwa sababu ili ulaji uendelee lazima chuma au oksijeni ipenye katikati yake. Ikinenepa, njia inakuwa ndefu na ulaji unapungua kasi. Ikiwa imefikia unene fulani kwa saa 1, kuufikia unene mara mbili inataka saa 4, na mara tatu saa 9.

Hesabu hiyo ni nzuri mradi ngozi ishike. Ikibanduka, chuma kinabaki uchi na saa inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Kila hatua nitakayokupa hapa chini, ukiichunguza, ni namna moja ya kulinda ngozi.

Ngozi hazilingani. Mwaka 1923 wataalamu wawili, Pilling na Bedworth, walilinganisha ukubwa wa oksidi, yaani ngozi hiyo, na ukubwa wa metali iliyoizaa. Magnesiamu inatoa oksidi ya 0.81 tu ya ukubwa wake, kama shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu iko nje. Alumini inatoa 1.28, inajifunika vizuri. Chuma kinatoa oksidi nyingi mno, inabanana, inapasuka, inaanguka.

Chuma cha kawaida kina mpaka mmoja wa kukariri: nyuzi joto 570. Chini ya hapo ngozi yake ni nyembamba na imeshika. Juu ya hapo inazaliwa oksidi nyingine chini yake, wustaiti, yenye mapengo mengi ndani, na chuma kinapita humo kama maji kwenye kitenge. Ukiuvuka mpaka huo, umeanza kula mtaji. Inoksi, kile chuma kisichoshika kutu, inavumilia zaidi kwa sababu ya kromiamu iliyomo: ngozi ya oksidi ya kromiamu ni nyembamba, imebana na inakua polepole sana.

Tofali ni habari nyingine. Udongo uliochomwa tayari ni oksidi, hauna tena cha kuungua. Tofali haliliwi na hewa. Linaliwa na vitu vilivyoyeyuka: majivu, chumvi, magamba ya chuma, oksidi ya shaba. Linayeyushwa taratibu kama sukari kwenye chai. Nitarudi hapo.

Hatua ya 1: jua joto lako kwa kweli

Fundi wengi wanajibu swali hili kwa kusema "moto mkali". Hiyo haitoshi, kwa kuwa nyuzi 100 za ziada zinaweza kugeuza miezi kuwa wiki.

Anza na macho, lakini kivulini, si kwenye jua la saa sita. Wekundu wa kwanza unaoonekana gizani ni karibu nyuzi 500 hadi 550. Wekundu wa damu iliyoiva ni karibu 700. Wekundu mkali ni 850 hadi 900. Rangi ya chungwa ni 950 hadi 1000, na njano iko juu ya 1100.

Halafu thibitisha kwa mashahidi watatu wanaopatikana popote mjini. Weka kwenye kipande cha kigae: kijipande cha waya wa alumini, punje za chumvi ya jikoni, na kijipande cha waya wa shaba. Ingiza ndani mahali unapotaka kupima. Alumini inayeyuka nyuzi 660, chumvi 801, shaba 1085. Alumini ikibaki inaning'inia ndani ya ngozi yake yenyewe kama maji ndani ya mfuko, iguse kwa ncha ya waya utaona imelegea. Kama chumvi imekuwa maji na shaba bado ngumu, uko kati ya 801 na 1085. Kigae hicho ukitupe mbali baada ya kazi. Chumvi isidondokee chuma wala koili (waya wa kupashia wa tanuru la umeme), nitaeleza kwa nini.

Ukinunua temokapo (kipimajoto cha nyaya mbili) ya aina ya K, ivike bomba la kauri. Nyaya zake zina nikeli na kromiamu, na ndani ya moto wenye moshi mwingi na hewa kidogo, kati ya nyuzi 800 na 1000 hivi, kromiamu inaliwa peke yake, waya unageuka kijani na kipimo kinaanza kusema joto dogo kuliko lililopo. Fundi anaongeza makala, anaangamiza chungu, na anaamini kipimo.

Hatua ya 2: chagua chuma kwa sumaku na kwa akili

Beba sumaku ya spika iliyokufa kila unapokwenda kununua vyuma chakavu.

Chuma cheusi cha kawaida, nondo, bomba, bati nene: kitumie kwa mwili wa nje wa tanuru, miguu, mfuniko kwa upande wa nje. Mahali popote kisipofika wekundu, ni rafiki yako na ni rahisi.

Inoksi isiyoshikwa na sumaku, ile ya masinki na matangi, mara nyingi ni ya kromiamu 18 na nikeli 8 kwa mia. Inafaa kwa wavu wa makala, fimbo za kukorogea moto, na ncha ya bomba la hewa, hadi karibu nyuzi 900 ikiwashwa bila kuzimwa. Ukiwasha na kuzima kila siku ishushe hadi 850. Inoksi inayoshikwa na sumaku, ya kromiamu 16 hadi 18 bila nikeli, inafika karibu 800. Ipo pia ya kromiamu 25 na nikeli 20, inayovuka nyuzi 1000. Ukiikuta kwenye vyuma vya kiwandani na muuzaji hajui thamani yake, usisite.

Angalizo moja la inoksi zenye nikeli: zinaogopa sulfuri. Nikeli na sulfuri vinatengeneza mchanganyiko unaoyeyuka karibu nyuzi 640, yaani kabla hata alumini haijayeyuka. Ukichoma matairi au mafuta machafu yenye sulfuri nyingi, inoksi yako ya bei inaweza kufa mapema kuliko ile ya sumaku.

Malata (mabati) na mabomba yenye zinki, usiyaingize motoni kabisa. Zinki inayeyuka nyuzi 419 na kuchemka 907, na moshi wake mweupe unakupa homa ya usiku, baridi na maumivu ya mwili mzima. Tena chungu hakipati faida yoyote, kwa kuwa zinki yote imeondoka siku ya kwanza.

Hatua ya 3: chungu cha kuyeyushia

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alumini iliyoyeyuka inayeyusha chuma. Si suala la kuungua. Inakichukua chuma ndani yake kama chai inavyochukua sukari, na mpakani inaacha ule utando wa kijivu unaovunjika, ambao ni alumini na chuma vilivyoungana. Chuma kinachoyeyuka humo hakipotei: kinaingia kwenye nyungu unayomimina, na kikizidi kinaifanya iwe na vipande vigumu na ipasuke ikianguka. Mteja anarudi akilalamika, nawe hujui kuwa umemuuzia kipande cha chungu chako.

Inoksi haikuokoi hapa. Ngozi yake ya kromiamu inazuia hewa, lakini alumini iliyoyeyuka ni mnyang'anyi wa oksijeni, inaivua ngozi hiyo na kuendelea na nikeli iliyo chini. Chuma cha kumimina, kile kizito cha kijivu, kinavumilia zaidi kuliko bomba la kawaida, lakini nacho kinataka kupakwa.

Kupaka ni hivi. Sugua ndani ya chungu kwa brashi ya waya hadi magamba yote yaliyolegea yatoke. Chukua udongo mweupe laini, kaolini, au unga wa chaki uliopepetwa. Uchanganye na maji uwe kama uji mwepesi wa mtoto, tia silikati ya sodiamu kidogo ili ushike. Pasha chungu hadi tone la maji likidondoka litoe sauti na kukauka mara moja, kisha uondoe motoni. Paka tabaka jembamba kwa brashi. Litakauka mbele ya macho yako. Paka la pili, na la tatu kwenye mstari ambapo uso wa alumini hukaa, kwa sababu hapo alumini, hewa na ngozi vinakutana na ndipo ukuta unapokatika kwanza. Tabaka nene ni kosa: linapasuka na kudondoka vipande vipande.

Rudisha chungu motoni bila mzigo hadi kiive kidogo, dakika 15 hivi, ili unyevu wote utoke. Unyevu ukinaswa chini ya alumini iliyoyeyuka unageuka mvuke kwa ghafla na kurusha metali usoni mwa mtu. Vivyo hivyo vipande unavyotaka kuongeza vipashwe pembeni kwanza. Jambo hili sina mzaha nalo: kijana aliyeingiza kipande chenye maji kwenye chungu chenye moto hafanyi tena kazi siku hiyo kwangu.

Kagua mpako kila asubuhi. Palipobanduka, paka. Na usipandishe alumini juu ya nyuzi 750. Kila ukizidisha, ulaji wa chuma unaongezeka kasi, nawe hupati chochote zaidi ya kuungua kwa alumini yenyewe.

Kama unayeyusha mukuba, yaani shaba, achana na chuma, tumia chungu cha grafiti na udongo. Lakini ujue grafiti ni kaka yake makala. Ikipata hewa kuanzia nyuzi 400 au 500 inaanza kuungua. Kinachoilinda ni ngozi ya kioo iliyopakwa kiwandani. Kwa hiyo usiishike na koleo lenye meno makali, usiisugue kwa brashi ya waya, na usiruhusu hewa ya feni iipige mahali pamoja. Nimeona chungu cha grafiti kilichochongeka ubavuni shimo la duara, sawasawa na mdomo wa bomba la hewa.

Hatua ya 4: matofali

Mji huu umekaa juu ya shaba na vichuguu. Kabla ya tanuru la kwanza la kampuni ya madini ya Union Minière kuwaka hapa mwaka 1911, wahunzi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwa makala ndani ya matanuru ya udongo wa kichuguu na kumimina misalaba ya shaba. Walichagua udongo huo kwa sababu mchwa wameuponda laini na unashikana vizuri. Mimi bado nautumia.

Lakini peke yake unapasuka. Ponda matofali yaliyokwisha chomwa, yapepete, changanya sehemu 2 za ponda hilo na sehemu 1 ya udongo wa kichuguu, maji kidogo tu: ukifinyanga mkononi ushikane, usitoe maji. Ponda lililochomwa halisinyai tena, ndilo linalozuia ufa. Mchanga mwingi wa mtoni sikushauri. Punje zake ni kwatzi, na kwatzi ikifika nyuzi 573 inavimba ghafla. Ikishuka inasinyaa ghafla. Kila siku unawasha na kuzima, kila siku ukuta unavutwa.

Simenti ya kawaida ya kujengea nyumba isiingie ukutani mwa ndani. Karibu nyuzi 450 chokaa iliyomo inapoteza maji, na mvua za Novemba zikija inayanywa tena, inavimba na ukuta wote unageuka unga. Kama unataka kumimina ukuta, tafuta simenti ya alumina (oksidi ya alumini).

Kausha kivulini siku 7. Kisha moto mdogo wa vijiti nusu siku, mkono uvumilie pembeni ya ukuta wa nje. Halafu pandisha taratibu siku nzima.

Sasa kuhusu kuyeyuka kwa tofali. Udongo wetu una silika nyingi (ndiyo iliyomo kwenye kwatzi), na silika inapendana na oksidi za upande wa pili: chokaa, potasiamu, oksidi ya chuma, oksidi ya shaba. Zikikutana motoni zinaungana kuwa kioo. Silika na oksidi ya chuma, kila moja peke yake, zinataka nyuzi zaidi ya 1350 kuyeyuka. Zikiwa pamoja zinatosheka na chini kidogo ya 1200. Ndiyo maana magamba ya chungu yakidondokea tofali, yanalichimba. Kwa shaba ni mbaya zaidi, na ndiyo sababu matanuru makubwa ya shaba hujengwa kwa matofali ya magnesia na kromiamu, si ya udongo. Sisi wadogo tufanye hivi: tuache chungu kisimame juu ya kigoda cha tofali kinachobadilishwa, tukifute magamba kabla ya kuingia, na shaba iliyomwagika iondolewe siku ileile.

Risasi ya betri za gari usiyeyushe kwenye tanuru hili wala jingine la nyumbani. Oksidi yake inakula udongo kuliko zote nilizotaja, lakini hiyo ni hasara ndogo. Moshi na vumbi lake vinaingia kwenye damu ya watoto wanaocheza uani.

Hatua ya 5: majivu, chumvi na nyaya

Majivu ya makala yana potasiamu na chokaa. Yakiwa baridi hayadhuru. Yakikaa juu ya chuma chekundu yanalainika, yanakuwa kama asali, na ndani ya asali hiyo ngozi ya chuma inayeyuka. Ngozi ikishayeyuka hakuna tena saa 4 wala saa 9. Chuma kinaliwa kwa mwendo uleule kila saa. Kila jioni tanuru likipoa, zoa majivu yote, futa wavu, toa vipande vya kioo cheusi vilivyoshika ukutani karibu na mdomo wa hewa. Dakika 10.

Chumvi inafanya hivyohivyo na kwa ukali zaidi, kwa sababu klorini iliyomo inaunda na chuma kitu kinachopaa kama moshi. Ngozi inaondoka hewani. Ndiyo maana nilisema kile kigae cha kupimia kitupwe. Na ndiyo sababu siruhusu nyaya za umeme zichomwe kwenye tanuru ili kupata shaba: plastiki ya nyaya nyingi ina klorini, wavu wangu wa inoksi ulitobolewa na wiki mbili za kazi ya namna hiyo. Moshi wake ni sumu kwa mapafu tangu pumzi ya kwanza. Nyaya zichunwe kwa kisu.

Hatua ya 6: kuwasha na kupoza

Ngozi na chuma havitanuki sawa. Ukipoza haraka, chuma kinasinyaa kuliko ngozi, ngozi inaruka. Utaisikia: tik, tik, tik, vipande vyeusi vinadondoka. Kila tik ni chuma kilichobaki uchi. Kwa hiyo usimwagie maji, usitoe chungu chekundu na kukiweka kwenye upepo wa Julai. Kirudishe ndani, funika, acha kipoe na tanuru.

Kama kazi ni ya siku 3, panga zifuatane na mizigo ifuatane, badala ya kuwasha saa 2 leo na saa 2 kesho. Wenye tanuru la umeme wajue jambo la ziada: koili mpya ya chuma, kromiamu na alumini iwashwe mara ya kwanza bila mzigo, hewani, ikae kwenye joto kali saa kadhaa ivae ngozi ya alumina. Baada ya hapo inakuwa kavu na inavunjika ikiguswa baridi, basi usiinyooshe tena. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifungue mlango.

Hatua ya 7: pima kila Jumamosi

Nina daftari la shule na kipimo cha unene. Chungu kikipoa napima ukuta sehemu 3: mdomoni, kwenye mstari wa alumini, na kitakoni. Ninaandika tarehe na idadi ya mizigo. Huna kipimo? Bandua gamba moja upime kwa rula: gamba la milimita 2 limekula karibu milimita 1 ya chuma. Gonga pia kwa nyundo ndogo. Chungu kizima kinalia kama kengele. Kilicholiwa kinalia kama debe lenye mchanga.

Rangi nayo inasema. Gamba jeusi laini lililoshika, endelea. Jeusi linalobanduka kwa mapande, joto limezidi au unapoza haraka. Kioo cha kijani au cheusi, ni majivu. Ndani kijivu chenye kung'aa na ufa mwingi, mpako umekwisha siku nyingi.

Chungu cha milimita 5 nakistaafisha kikifika 2 mahali popote, hata kama mdomoni bado kizima. Kile nilichokikata kwa msumeno mwaka ule kinaning'inia ukutani karakana, nusu mbili zimefungwa kwa waya. Kijana mpya akija, kabla sijampa koleo, anapewa nusu hizo ashike na kupitisha kidole kwenye ukuta, kutoka juu hadi chini.